Minimaketi ya Sinza inayokurudishia mpaka hamsini yako: maoni yangu

Kwa wale wa haraka nianze na jibu kabisa: nendeni. Kama unakaa Sinza, Mwenge, Mabibo au Ubungo huko na bado unanunua vitu vya nyumbani kwa keshi kama mimi, kuna hii minimaketi ipo ndani kidogo ukitoka barabara ya Shekilango, bango lake dogo limefifia, nje kuna muuza chipsi na kijiwe cha bajaji. Jina siliweki maana nitawaongelea sana watu wa kaunta na ni watu wachache tu, sitaki waanze kutafutwatafutwa, ila mkazi wa Sinza akisoma hapa mpaka mwisho ataijua tu.

Bidhaa ni zile zile unazozipata kwingine, sukari, sembe, mafuta, sabuni ya unga, maziwa, mkate, pampasi. Bei ni za kawaida, vingine viko juu kidogo kuliko maduka ya jumla ya Manzese, kwahiyo siwezi kukwambia utaokoa hela nyingi. Kinachonifanya nipite maduka mengine mawili na kwenda pale ni kaunta. Ni namba moja kwangu, na najua kuna watu watashangaa mtu anaandika maoni marefu hivi kuhusu keshia, lakini fikiria mwenyewe, kwenye duka zima mtu pekee unayeongea naye ni yule anayepokea hela yako. Rafu haikusalimii. Akikuharibia pale mwisho, hata sukari iwe bei poa utaondoka na kinyongo.

Tuongee kwanza hii ishu ya chenji maana ndo imenileta huku. Kila mtu wa Dar anaijua, umenunua vitu vya 9,850, unatoa msimbazi (elfu kumi), unasubiri mia na hamsini yako unasukumiwa pipi tatu. Hujaomba pipi, huna mtoto, pipi huli. Kuna supamaketi moja kubwa (siitaji) nlikuwa mteja wao wa muda mrefu, pale pipi au kiberiti ndo ilikuwa utaratibu kabisa, keshia hainui hata macho, anasukuma pipi huku anamwangalia mtu wa nyuma yako, ukiuliza anakwambia hatuna chenji ndogo. Sasa kama hamna chenji ndogo kwanini bei zenu zinaishia na hamsini? Mia na hamsini siyo hela ya kugombania na mtu, sawa, lakini ni ya kwangu, na mwenye duka lenye wateja mia kwa siku anajua vizuri zile mia na hamsini zikikusanywa zinakuwa nini.

Hii ya Sinza hawafanyi hivyo. Nilipata hamu ya kujua wanafanyaje maana sarafu ni shida kweli mjini, nikamuuliza yule kijana wao wa kaunta ya pili akanielezea vizuri tu bila kuficha. Asubuhi kabla hawajafungua yeye ndo anatumwa barabarani na noti, anakutana na makonda wa daladala waliomaliza trip za alfajiri, konda mfuko umemlemea kwa sarafu na yeye anataka noti, wanabadilishana pale pale kituoni kila mtu anaenda zake. Zikipungua mchana anamfata muuza chipsi wa nje. Sarafu wanazigawa kwenye makopo ya Blue Band chini ya kaunta, kopo la hamsini, la mia, la mia mbili na la jero (mia tano), na la jero ndo kubwa kuliko yote. Wanaokumbuka noti ya jero ilivyokuwa inachoka miaka ile, imechanika katikati, imebandikwa selotepu, inanuka samaki, watanielewa kwanini sarafu ya 500 ilipotoka 2014 ilipokelewa vizuri. Ile noti ilikuwa inapita mikononi mwa watu wengi mno kwa siku, ilikuwa haifiki mbali kabla haijafa.

Na ikitokea kweli wameishiwa, kuna daftari. Siyo maneno ya "utapitia" halafu ukipitia kesho hakuna anayekukumbuka. Daftari kubwa la mistari, anaandika tarehe, kiasi, na alama ya kukutambua maana wengi hatujuani majina, nimeyaona kwa macho yangu yameandikwa "baba wa Probox nyeupe 200", "mama mapacha 150", "mwanafunzi wa begi jekundu 100". Duka linajiandika deni kwa mteja! Ukirudi hata wiki ijayo anafungua ukurasa, anakupa mia yako, anapiga mstari. Nimeishi mji huu tangu nazaliwa na hilo sijaliona duka lingine.

Hilo daftari ni la mama wa kaunta ya kwanza. Huyu ndo nguzo ya pale. Ni mtu mzima, sitini anaikaribia au ameshaifika, mtu wa Tanga, kilemba hakikosi, miwani ameining'iniza na kamba shingoni. Alianza kushika hela za watu kwenye duka la ushirika huko kwao miaka ya themanini, kwahiyo sukari ya foleni anaijua na kipindi cha ruksa cha mzee Mwinyi bidhaa zinaanza kujaa madukani anakijua vile vile, akiwa na nafasi atakusimulia. Unamwamkia shikamoo mama, anaitikia marahaba mwanangu, hujambo, watoto hawajambo, na anasubiri ujibu! Hajaribu kukumaliza haraka. Halafu ndo anashika bidhaa.

Jinsi anavyorudisha chenji nataka niieleze vizuri maana ni kitu kinapotea. Siku moja nlikuwa na vitu vya 7,650, nikampa elfu kumi. Ile noti yangu hakuitia kwenye droo. Aliilaza juu ya kaunta mbele yangu akaibana na stepla. Akaanza kuhesabu kwa sauti huku anaweka kimoja kimoja mkononi mwangu, kutoka bei yangu kupanda juu: saba mia sita hamsini, akaweka hamsini, saba mia saba, akaweka mia, saba mia nane, akaweka mia mbili, nane, halafu elfu mbili ya simba ikafuata, kumi. Sawa mwanangu? Sawa mama. Hapo ndo noti yangu ikaenda kwenye droo. Yani hakuna kutoa kichwani, hakuna mashine, na hakuna ugomvi wa "nimekupa kumi" "hapana umenipa tano" maana hela yenyewe ipo pale mezani inaonekana mpaka mmeelewana. Nilimuuliza kuhusu stepla akasema hiyo alifundishwa siku ya kwanza kazini, enzi hizo lilikuwa ni jiwe. Na noti kwenye droo yake zote zinaangalia upande mmoja, Nyerere wote wamekaa sawa, tembo wote wamekaa sawa, ukimpa noti zilizokunjwakunjwa ananyoosha moja moja kwa kiganja kwanza ndo anahesabu. Huwa hasemi chochote, ananyoosha tu, na mimi sa hivi nikitoka nyumbani nanyoosha zangu kabisa.

Kuna kitu nlikishuhudia pale mwaka 2025 nadhani ndo kilinifanya niandike haya. Mnakumbuka Benki Kuu walitangaza kuondoa noti za zamani, zile zilizotolewa kuanzia 1985 mpaka 2003 pamoja na ile ya 500 ya 2010, kuzibadilisha ilikuwa kuanzia tarehe 6 Januari mpaka tarehe 5 Aprili. Kwenye redio wameongea sana lakini watu wazima wengi wa mtaani habari iliwafikia nusu nusu. Akaja bibi mmoja mtu mzima sana, ananunua sukari nusu na majani, akafungua pindo la khanga pale kaunta, hela zimefungwa kifundo, zikatoka noti za jero zile za picha ya nyati, na katikati yake kuna noti ya mia mbili. Ya mia mbili! Yule kijana wa kaunta ya pili akaja kuichungulia, yeye amezaliwa kipindi ambacho mia mbili ishakuwa sarafu, akauliza kwa heshima kabisa, bibi hii nayo ni hela yetu?

Mama hakucheka na hakumwambia bibi hizi hazitumiki kama nilivyosikia kwingine wakifanya. Alimwamkia, akazipanga kwenye kaunta, akachukua zinazotosha sukari na majani, zilizobaki akamrudishia mkononi akamwambia mama yangu, hizi mwisho wake tarehe tano mwezi wa nne, ikipita hapo ni karatasi, usinunulie vitu kidogo kidogo, mpe mjukuu akupeleke benki wakubadilishie zote. Bibi akauliza tarehe ngapi. Akarudia. Akauliza tena. Ndo yule kijana akachukua kipande cha karatasi ya risiti, nyuma yake akaandika kwa maandishi makubwa ya wino BENKI, MWISHO TAREHE 5 MWEZI WA 4, akamfungia pamoja na zile noti kwenye lile lile pindo. Foleni ilikuwa ipo, tulikuwa watu kadhaa, hakuna aliyefyonya. Nlisikia mtu nyuma yangu anampigia simu mama yake huko kijijini anamuuliza kama ana hela za zamani ameficha. Sijui bibi aliishia wapi ila wale watu wawili walifanya kazi ambayo tangazo la redio lilishindwa.

Sasa huyo kijana mwenyewe. Ishirini na kitu hivi, nywele kachonga, earphone moja sikioni muda wote (hili baadae). Kwa sisi wa makamo salamu yake ni "vipi bro mkubwa, fresh?", kwa wazee shikamoo haikosi, kwa wenzake mimi hata sielewi wanasemaje. Yeye ndo wa mashine, lipa namba imebandikwa mbele yake kubwa, kila ukifika anaanza na "unalipia simu au keshi?". Mimi ni keshi. Nilirudi kwenye keshi 2021 ile Julai tozo za miamala zilipoanza na hata zilipokuja kupunguzwa nikabaki huko huko, nikishika hela mkononi naiona inavyoisha, kwenye simu inaisha bila taarifa. Yeye hanisumbui na hilo, anasema poa, anapokea.

Ila muone na watu wazima wanaotaka kulipa kwa simu, hapo ndo utampenda. Alikuja mzee mmoja wa simu ya batani, anataka kulipia mafuta ya kula na sabuni, anabonyeza anakosea anarudi mwanzo. Dogo hakuipokea simu ya mzee. Hilo nalisifia sana, maana vijana wengi wangesema lete nikufanyie, na namba ya siri ya mzee ingeshajulikana na duka zima. Yeye alizunguka kaunta akasimama pembeni, akamsomea namba tarakimu moja moja, ilipofika sehemu ya jina linatokea akamwambia mzee hapo simama, soma jina, ni la duka letu? Mzee akasoma kwa kuvuta. Ndiyo. Basi sasa weka namba yako ya siri, mimi nageuka. Akageuka kweli, akaangalia rafu za juisi mpaka mzee aliposema tayari. Meseji ikaingia, akamwomba mzee aihifadhi. Mtu wa miaka ishirini na kitu hajafundishwa hayo shuleni.

Nadhani anayapata kwa mama pembeni yake maana wale wanafundishana mbele yetu bila kuoneana aibu. Mwanzoni alipoajiriwa alikuwa anapokea hela kwa mkono wa kushoto sababu wa kulia uko kwenye mausi, nlikuwepo mama alipomwambia kwa sauti ya chini tu, mkono wa kulia mwanangu, huyo ni mkubwa wako. Tangu siku hiyo anaachia mausi. Mama ndo kamfundisha kupima noti kwa vidole, kupapasa yale maandishi yaliyoinuka, kuinyanyua kwenye mwanga aone sura ya Mwalimu kwenye sehemu nyeupe, na anafanya kwa haraka bila kukufanya ujione mwizi. Na yeye mashine ya risiti ya EFD ikigoma kwa mama, karatasi imeisha au mtandao umekata, anahamia kaunta ya kwanza anamrekebishia na kumwelekeza, hapa mama, bonyeza hapa, subiri kijani. Mama anavaa miwani anafatilia. Nikiwaona vile huwa nafurahi kwelikweli, maana maofisini huku tulipo sisi mkubwa anamficha mdogo anachokijua na mdogo anamcheka mkubwa kwa asichokijua.

Risiti unapewa bila kuomba, hilo pia niseme. Ile kauli ya TRA ya ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti, pale nusu ya kudai huna haja nayo. Hata ununue kiberiti cha mia.

Kaunta ya tatu ni ya dada wa jioni, yuko kwenye thelathini na kitu hivi, anaingia saa tisa mchana. Huyu ni moto mwingine. Kuanzia saa kumi na mbili jioni watu wakishuka kwenye daladala, duka linajaa, na huyu dada anaendesha foleni kama konda mzoefu, "karibu kaka, shikamoo baba, wewe mtoto shuka kwenye toroli, dada yangu umesahau mfuko wako?", yote hayo vidole viko kwenye mashine. Mifuko kama mnavyojua tangu ile Juni 2019 plastiki ilipopigwa marufuku lazima ununue ule mbadala au uje na wako, yeye hakusukumii mfuko mpya, anakuuliza kwanza umekuja na wako?

Huyu hesabu zake ni za aina nyingine kabisa. Mama anapanda kutoka bei kwenda juu, dogo anasoma kwenye skrini, dada yeye anakupigia hesabu ya kukusaidia wewe na yeye kwa pamoja. Bei 7,200, umempa kumi, hata hajafungua droo anakwambia kaka una mia mbili hapo nikupe elfu tatu? Bei 4,600, umetoa tano, una mia nikurudishie jero? Anajua mifuko ya watu ina sarafu zimelala, anazitoa, zinamsaidia kwa mteja wa nyuma. Ukimwambia huna anasema haya mpenzi hamna shida, anahesabu zote anakupa, haonyeshi sura ya kuchukia. Wale mliowahi kununiwa na keshia kwa kosa la kuwa na noti kubwa mnajua hilo lina thamani gani.

Na watoto. Sinza watoto wanatumwa dukani jioni na hela imeshikiliwa kwenye ngumi mpaka imelowa jasho. Aliingia mtoto wa kike wa kama miaka saba hivi, ametumwa mkate na maziwa, ana elfu tano. Kwanza dada alimvusha foleni, akaomba radhi kwa watu, huyu giza linaingia naomba nimtangulize. Akapokea, akatoa risiti, chenji akaiviringisha ndani ya risiti kama kifurushi kidogo, akazunguka akamwingizia kwenye mfuko wa sketi akafunga zipu. Halafu: mwambie mama chenji elfu moja na mia tatu, sema. Mtoto, elfu moja na mia tatu. Sema tena. Elfu moja na mia tatu. Haya kimbia, ukifika barabarani simama kwanza uangalie bodaboda. Mtoto akatoka anaimba elfu moja na mia tatu mpaka nje. Kama mzazi niliguswa sana na hilo jambo, mwanangu nae huwa namtuma, na sa hivi namwambia aende pale tu hata kama kuna duka la karibu zaidi.

Mapungufu yapo na nisiyafiche, mtakuja kunilaumu. Foleni ya jioni ni ndefu, kati ya saa kumi na mbili na saa mbili usiku andaa muda, na mara nyingi wakati huo kaunta mbili tu ndo zinafanya kazi kwasababu mama anakuwa ameondoka, wakati mashine yake ipo imefunikwa kitambaa. Mboga msinunue pale, nyanya zao zinakaa mno, genge lililopo hatua chache nje ni bora zaidi. Friji ya maziwa umeme ukikatika inachukua muda kupoa tena, angalieni tarehe. Bei za kwenye rafu kuna wakati hazilingani na mashine, mimi nilishakuta sabuni imeandikwa 3,200 kwenye rafu na kwenye mashine ikasoma 3,400, nikamuonyesha dada wa jioni, akatuma mtu akaangalie, akaniuzia kwa ile ya rafuni na kesho yake kikaratasi kilikuwa kimebadilishwa. Wamelimaliza vizuri ila bora lisiwepo kabisa. Na hiyo earphone ya dogo, mdogo wangu ukisoma hapa itoe tu wakati una mteja mbele, una salamu nzuri sana halafu nusu ya majibu yetu huyasikii.

Kwa mwenye duka nina maombi mawili nayaandika kwa dhati. Lile tangazo lililobandikwa mlangoni hivi karibuni la kutuhimiza tulipe kwa simu, sawa, ni biashara yako na najua keshi ina mambo yake, usiku kutembea nayo ni hatari na benki ni foleni. Lakini usije ukafika mahali ukakataa keshi. Yule bibi wa khanga na yule mtoto wa elfu tano ni wateja wako, na wako wengi kuliko unavyowaona ukiwa ofisini nyuma. La pili, mama wa kaunta ya kwanza anasimama kuanzia asubuhi. Kile kistuli cha plastiki alichonacho ni kifupi, akikikalia hafikii droo, kwahiyo hakikalii. Mnunulie kiti kirefu chenye mgongo. Ni hela ndogo sana ukilinganisha na wateja anaokuletea, mimi ni mmoja wao.

Na sisi wateja tuna sehemu yetu jamani. Mtu anafika kaunta yuko kwenye simu, anaongea dakika nzima, anarusha noti juu ya kaunta kama anamlipa mtu faini, keshia anamwambia karibu yeye anaendelea na simu. Au saa moja asubuhi duka ndo limefunguliwa, unanunua maji ya elfu moja unatoa msimbazi, unategemea akupe elfu tisa atoe wapi? Ukiwa na noti ndogo toa ndogo. Mpe mkononi. Itikia salamu. Sarafu zilizolala kwenye kopo la nyumbani zibebe umpelekee, wanazipokea kwa furaha na kukuhesabia hapo hapo, mimi nlipeleka zangu nikapewa noti safi kabisa.

Nyota ningewapa nne kati ya tano, hiyo moja imebaki kwenye foleni ya jioni na nyanya, wakifungua kaunta zote tatu saa za jioni naiongeza.

Kufika: ukiwa na daladala ya Shekilango shuka Kijiweni, uliza kijiwe cha bajaji kilicho na muuza chipsi, ni hapo hapo pembeni. Wanafungua saa moja asubuhi mpaka saa nne usiku, Jumapili wanachelewa kidogo mpaka watu watoke ibada ya kwanza. Ukitaka kumkuta mama nenda kabla ya saa kumi jioni, mkate wa moto unafika kama saa mbili asubuhi na unaisha mapema. Kama uliwahi kuachiwa chenji pale na hukurudi, nenda kamuulize, daftari la mwaka jana bado analo.